Mtu Mfupi Aliyewafundisha Polisi wa Tokyo Kuanguka

Kwa miaka mingi, kikosi cha kutuliza ghasia cha polisi wa Tokyo, mji mkuu wa Japani, kimekuwa kikichagua vijana wake wachache na kuwapeleka shule. Si shule ya madaftari. Wakifika mlangoni wanavua viatu, wanavaa suruali na koti jeupe la mazoezi, wanapiga magoti kwenye mikeka na kumwinamia mwalimu ambaye si polisi. Vijana wenyewe ni mapande ya watu, na wengi wao waliijua judo kabla hawajafika hapo. Wanangu, mnadhani somo lao la kwanza ni lipi? Ngumi? Pingu? La hasha. Somo la kwanza ni kusimama. La pili ni kuanguka.

Shule hiyo inaitwa Yoshinkan, na kinachofundishwa humo ni aikido. Vipindi vya polisi vikiisha, huingia watu wengine kabisa: makarani wa ofisini, wanafunzi wa chuo, akina mama, wazee waliostaafu, na watoto wa shule ya msingi ambao mikanda yao haiishi kufunguka. Mikeka ni ileile, salamu ni ileile, na misingi wanayofundishwa ni ileile. Mimi hilo ndilo lililonifanya niitafute historia ya shule hii. Mahali pengi duniani ujuzi wa askari hufungiwa ndani ya uzio wa askari, raia asiuone. Hapa karani na askari wamekosolewa kosa lilelile na mwalimu yuleyule.

Aliyeianzisha ni Gozo Shioda. Alizaliwa Tokyo tarehe 9 Septemba 1915, mtoto wa daktari wa watoto mwenye uwezo wake. Hata alipokuwa mtu mzima, urefu wake ulikuwa kama sentimita 154 na uzito wake haukufika kilo 50. Jipimeni ukutani muone. Wengi wenu mlioko darasa la saba mmemkaribia, na wengine mmeshampita. Baba yake alipenda sana sanaa za kupigana, hata akajenga ukumbi nyumbani kwake na kuwakaribisha walimu waje kufundisha humo. Ukumbi huo wa nyumbani ndio uliokuwa na jina la Yoshinkan kwanza. Gozo alianza utotoni kwa judo na kwa kendo, ule mchezo wa kupigana kwa panga za mianzi, na kabla hajamaliza ujana alikuwa na mkanda mweusi wa judo wa daraja la tatu. Mtoto akifika hapo, ni vigumu kumwambia kitu.

Mei 1932, akiwa na miaka 16, alikwenda kutazama mazoezi katika ukumbi wa mwalimu mmoja aliyeitwa Morihei Ueshiba, mtaa wa Wakamatsu. Ukumbi ule ulikuwa umefunguliwa mwaka uliotangulia. Ulitandikwa mikeka 80, na watu walikuwa wameshaupachika jina la Ukumbi wa Jehanamu kwa ukali wa mazoezi yake. Gozo akakaa pembeni, akatazama. Aliona wanafunzi wakimrukia mwalimu, na mwalimu akijigeuza kidogo tu, na wanafunzi wakiruka hewani na kutua mbali. Moyoni akasema, hawa wamepatana. Wanajiangusha wenyewe.

Ueshiba hakuwa mtu wa kufichwa jambo. Alikuwa na miaka 48, naye mfupi vilevile, na alijua kijana anayetazama pembeni anawaza nini. Akamwita: njoo tupimane. Gozo akaingia mikekani, akasimama kama mchezaji judo, kisha ghafla akarusha teke. Hakuelewa kilichofuata. Alijikuta ameruka na kubamiza kichwa. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwalimu mkubwa, aliisimulia hadithi hiyo bila haya, na siku zote alimalizia kwa kusema kwamba siku iliyofuata alirudi kujiandikisha.

Sasa tumsogelee kidogo huyo Ueshiba, maana bila yeye hadithi haina mguu. Alizaliwa mwaka 1883 huko Tanabe, mji wa pwani. Mwaka 1912 alihamia Hokkaido, kisiwa cha kaskazini chenye baridi kali, akiongoza familia zilizokwenda kufungua mashamba. Huko ndiko alikokutana mwaka 1915 na mzee mmoja mkali, Sokaku Takeda, fundi wa sanaa ya kale iliyoitwa Daito-ryu. Takeda alijua kumkamata mtu kifundo cha mkono na kumlaza chini asiinuke. Ueshiba alijifunza, akachanganya na aliyoyajua, akayatengeneza upya kwa miaka. Jina la aikido lilikuja kukubaliwa rasmi mwaka 1942. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, wanafunzi wake walikuwa maofisa wa jeshi la nchi kavu na la majini, polisi wa Osaka, na raia wa kawaida. Alikuwapo hata msichana, Takako Kunigoshi, aliyefanya mazoezi na wanaume hao, na ni mkono wake uliochora picha za mafunzo za kitabu cha Ueshiba cha mwaka 1933. Kwa hiyo kuwachanganya askari na raia hakukuanzia kwa Shioda. Yeye aliyakuta hayo.

Shioda alikaa kwa mwalimu wake karibu miaka tisa. Humo aliugua ugonjwa wa kufanya mazoezi kila mahali. Nyumbani kwao kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wekundu wa mapambo. Yeye alikuwa akigonga kioo, tak! Samaki wanastuka na kugeuka ghafla, huyu kushoto, huyu kulia. Na yeye anajaribu kugeuka nao palepale, upande uleule, bila kuchelewa hata kidogo. Akagonga tena. Akageuka tena. Alisema aliendelea hivyo kwa miaka, mpaka mwili wake ukawa unageuka kabla kichwa hakijaamua. Mkiwa na samaki nyumbani msiwasumbue kupita kiasi. Lakini jambo lenyewe mmelielewa. Alikuwa mdogo wa mwili, na mdogo hana budi kuwahi.

Kuwahi peke yake hakutoshi. Hapa lazima nieleze aikido inafanyaje kazi, na njia nzuri ni kujaribu. Mwambie mwenzako akushike kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote. Kawaida yetu ni kuvuta mkono urudi kwetu. Ukivuta, mmekuwa watu wawili wanaovuta kamba, na mwenye nguvu nyingi atashinda. Acha kuvuta. Angalia vidole vyake: vinne viko upande mmoja, gumba liko peke yake upande mwingine. Pale gumba linapokutana na vidole ndipo mshiko ulipo dhaifu. Sasa sogeza mguu kidogo, jigeuze mwili mzima, si mkono tu, na upeleke mkono wako upande wa gumba. Mshiko utafunguka, au mwenzako ataanza kuegemea mbele kuufuata. Ameshayumba. Uzito wake wote uko kwenye vidole vya miguu, na mtu aliyesimama kwa vidole vya miguu hakuna haja ya kumsukuma sana.

Hicho ndicho kiini. Mshambuliaji anakuja na mwendo. Usiuzuie kwa kifua, ingia pembeni yake, uuongoze uende ulikokuwa ukienda, ila uende mbali kidogo kuliko alivyotaka. Akishayumba, mshike kiwiko au kifundo, umlaze chini na umbane pale. Anaumia kidogo, anaona hana pa kupita, anatulia. Na akitulia, unamwachia. Hajavunjika jino, hajatoka damu.

Naona mkono umeinuliwa huko nyuma: je, akija mtu kweli, ana hasira, inafanya kazi? Inafanya kazi kwa aliyefanya mazoezi kwa miaka. Kwa aliyejaribu mara mbili na binamu yake uani, haifanyi. Huo ndio ukweli, na mwalimu anayekwambia vinginevyo anataka ada yako.

Mwaka 1941 Shioda alimaliza Chuo Kikuu cha Takushoku, akapelekwa Uchina kama katibu wa Jenerali Shunroku Hata. Japani ilikuwa imeivamia nchi hiyo, na vita vile vilikuwa na dhuluma nyingi. Sitaki mdhani kila Mjapani wa hadithi hii alikuwa akiishi katika bustani ya amani. Vita viliisha Agosti 1945 kwa Japani kushindwa. Shioda alirudi nyumbani mwaka 1946, akakuta jiji limeungua, watu wana njaa, na Wamarekani ndio watawala. Watawala hao walipiga marufuku sanaa za kupigana mashuleni na kukivunja chama kikubwa kilichozisimamia, kwa sababu waliona ndizo zilizowalisha vijana kiburi cha vita. Ueshiba mwenyewe alikuwa amejitenga kijijini Iwama, analima. Shioda alikwenda kukaa naye kwa muda, akashika jembe kama wengine, kisha akarudi kuhangaikia maisha.

Riziki ilimjia kwa mlango asioutarajia. Mnamo mwaka 1950, kampuni kubwa ya chuma ya Nippon Kokan ilikuwa na misukosuko ya wafanyakazi viwandani, ikataka walinzi waliofunzwa. Ikamchukua Shioda awafundishe. Angalieni vizuri: aikido yake ilirudi duniani ikiwa kazi ya ulinzi, si burudani wala dini. Wanafunzi wake walikuwa wanaume wazima, wengi kwa mpigo, wasio na miaka tisa ya kukaa kwa mwalimu. Walihitaji kujua kitu wiki hii. Tatizo hilo lilimuumiza kichwa, na dawa yake tutaiona.

Kisha ukaja mwaka 1954. Tokyo yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa za kale za kupigana, ya kwanza ya namna hiyo tangu vita. Walikuja mafundi wa upanga, wa mkuki, wa mieleka ya kila aina. Katikati yao akatokea mtu mfupi, akasimama, na wanaume waliomzidi kwa kila kipimo wakawa wanaruka huku na huku kama wamekanyaga umeme. Shioda aliondoka na tuzo ya kwanza. Miongoni mwa waliovutiwa walikuwapo wafanyabiashara na watu wa mabenki, na hao walikuwa na kitu ambacho mafundi wengi wa kupigana hawana: pesa ya kujenga.

Hivyo ndivyo mwaka 1955 ukumbi wa Yoshinkan ulivyofunguliwa Tsukudo Hachiman, katika Shinjuku, Tokyo. Shioda akautwalia jina la ukumbi wa baba yake. Alikuwa na miaka 39, karibu 40. Mwalimu wake Ueshiba alikuwa bado hai na alikuwa na shule yake, iliyoendelea mtaa uleule wa Wakamatsu na ipo mpaka leo. Kwa hiyo zikawa shule mbili za aikido, kila moja na ladha yake. Ya Ueshiba, kadiri alivyozeeka, ikawa laini na ya kutiririka. Ya Shioda ikabaki na ukali wa ule Ukumbi wa Jehanamu: mikono imenyooka, viuno vimeshuka, kila mguu una mahali pake. Wapo wanaoipenda ya kwanza na kuiona ya pili ngumu kama mbao. Mimi naona ugumu huo ulikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ni lile tatizo la walinzi wa kiwanda. Ueshiba alifundisha kwa kuonyesha: anafanya, anacheka kidogo, anasema fanyeni. Mwanafunzi mwenye macho makali aliiba alichoweza. Asiye na macho alibaki na maumivu. Ungefanyaje hivyo na watu mia? Shioda na wanafunzi wake wa mwanzo, akiwamo Kyoichi Inoue aliyejiunga mapema kabisa, walikaa wakazivunja mbinu zote kuwa vipande. Wakakuta kwamba karibu kila mbinu imejengwa kwa miendo michache: kugeuka, kuinua mikono, kuingia, kurudi. Wakaipanga kuwa mazoezi sita ya msingi, yanayofanywa kwa hesabu. Mwalimu anaita moja! Ukumbi mzima unasogea nusu. Anaita mbili! Unamalizia. Mtu yeyote anaweza kuanza siku ya kwanza, mwenye kipaji na asiye nacho, na mwalimu akisimama mbele anaona papo hapo nani kakosea mguu.

Kwa polisi, hiyo ilikuwa dhahabu. Polisi wamezoea amri na hesabu. Mwaka 1957 ndipo kozi maalumu ya kuwafundisha askari wa kikosi cha kutuliza ghasia ilipoanzishwa Yoshinkan. Anayeisoma huitwa senshusei, yaani mwanafunzi wa kozi hiyo ya kujikita. Kozi inachukua karibu mwaka mzima, siku za kazi zote, na mwishoni anayefaulu huvaa mkanda mweusi. Wengine hurudi vikosini kuwa walimu wa wenzao.

Kwa nini polisi waitake sanaa isiyotegemea ngumi? Fikirini kazi yenyewe. Bondia kazi yake inakwisha mpinzani anapoanguka. Ya polisi ndipo inapoanza: lazima mtu huyo asimame tena, aende kituoni akitembea kwa miguu yake, afike mbele ya hakimu akiwa na uso mzima. Tena pengine si mhalifu. Pengine ni mlevi tu, au baba mwenye hasira aliyegombana na jirani, na asubuhi atakuwa mtu mwema. Anayejua kupiga tu atampiga. Anayejua kumshika anaweza kuchagua. Wanafunzi wa Shioda husimulia kwamba alipoulizwa mbinu iliyo kali kuliko zote, alijibu kuwa ni kufanya urafiki na mtu aliyekuja kukuua. Naamini alikuwa anatania nusu, maana mazoezi yake hayakuwa na urafiki sana.

Twende ndani tuyaone. Asubuhi wanafunzi wa kozi hufika kabla ya mwalimu. Kwanza ni usafi: kufagia, kupiga deki, kusugua vyoo, kupangusa mikeka kwa vitambaa wakikimbia wameinama. Kisha wanakaa kwa magoti, visigino chini ya makalio, mgongo wima. Dakika tano za kwanza ni rahisi. Baada ya hapo miguu inakufa ganzi, halafu inawaka, na hairuhusiwi kujisogeza. Ukiitwa unasimama mara moja ukijibu “Osu!” kwa sauti, hata kama miguu huisikii. Halafu kuna kutembea kwa magoti. Unakwenda upana wa ukumbi, unageuka, unarudi, na mbinu nyingine hufanywa hukohuko chini, wote wawili mko magotini. Ngozi ya magoti inachubuka. Kidonda kinajaribu kukauka usiku, asubuhi kinafunguka tena, na suruali nyeupe inabaki na madoa mawili mekundu mbele. Aliyetia doa mkekani hulifuta mwenyewe.

Na kuanguka. Hili ndilo linalowashangaza vijana wenye nguvu. Katika aikido mnafanya wawili wawili kwa zamu: mmoja anafanya mbinu, mwingine anaipokea. Anayepokea asipojua kuanguka, kifundo chake kitavunjika, na mwenzake hatakuwa na mtu wa kujifunza naye. Kwa hiyo mnaanguka nyuma, mbele, pembeni, mnabiringika, mnaruka na kupiga mkeka kwa mkono mzima ili kishindo kisambae, kisiingie chote mgongoni. Mara mia, tena mara mia. Askari aliyezoea kuwa yeye ndiye anayeangusha watu hushinda miezi akiangushwa. Anajua kwa mwili wake mwenyewe kiwiko kinauma kuanzia wapi, na mtu anahisi nini akilazwa kifudifudi na mkono wake umekunjwa mgongoni. Katika kozi nzima, kwangu mimi hilo ndilo lenye thamani zaidi. Ningependa kila anayebeba pingu duniani awe ameyaonja hayo kwanza.

Haya, lakini nisiwapambie. Miaka ya 1960 ilikuwa ya moto Tokyo. Maelfu ya wanafunzi waliingia barabarani kupinga mkataba wa ulinzi kati ya Japani na Marekani, na kikosi cha kutuliza ghasia ndicho kilichowakabili. Tarehe 15 Juni 1960, nje ya Bunge, msichana wa chuo kikuu aitwaye Michiko Kanba alifariki katika purukushani hiyo. Alikuwa na miaka 22. Januari 1969 kikosi hicho kililizingira jengo la Yasuda la Chuo Kikuu cha Tokyo, walimojifungia wanafunzi, na mapambano yakachukua siku mbili. Pale hapakuwa na kugeuza vifundo kwa ustadi. Kulikuwa na ngao, maji ya kusukumia watu, mabomu ya machozi, na upande wa pili mawe na chupa za petroli. Askari wachache waliopita Yoshinkan hawawezi kugeuza tabia ya kikosi kizima, na aikido haimfanyi mtu kuwa mwema kwa kuivaa. Inampa uwezo wa kufanya madhara kidogo. Kuutumia ni juu yake, na ni juu ya mkubwa anayempa amri.

Polisi wanawake wa Tokyo nao walifundishwa aikido ya Yoshinkan, na Inoue alikuwa miongoni mwa walimu wa polisi kwa muda mrefu, akaja kuushika uongozi wa Yoshinkan baadaye. Kwa askari wa kike ilifaa kwa sababu ileile iliyomfaa Shioda: haiulizi una kilo ngapi.

Kama kuna aliyekuwa na shaka juu ya kilo, Februari 1962 alikuja mmoja kutoka mbali. Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Marekani na mdogo wa Rais John F. Kennedy, alikuwa ziarani Japani na mkewe Ethel, akaletwa Yoshinkan kutazama. Akatazama, na kama Gozo wa mwaka 1932, hakuamini sana. Alikuwa na mlinzi wake, jitu la miraba minne. Je, mlinzi wangu anaweza kujaribu? Shioda akakubali, akakaa chini kwa magoti, akamnyooshea mkono. Mlinzi akaushika kwa nguvu zake. Filamu ya ziara hiyo ipo: unamwona mtu mdogo anajigeuza kidogo, na lile jitu linashuka sakafuni taratibu, linabanwa pale, linahangaika kuinuka na haliwezi. Shioda anatabasamu. Wageni wanacheka.

Shule ilihamahama. Kutoka Tsukudo Hachiman ilikwenda mitaa mingine ya Tokyo, ikakaa Koganei, kisha Kami-Ochiai. Walimu wake wakatawanyika: Takashi Kushida alikwenda Marekani mwaka 1973, akafundisha Michigan kwa miongo kadhaa. Mwaka 1990 likaundwa shirikisho la kimataifa la kuwaunganisha wanaofuata njia ya Shioda, na mwaka 1991 kozi ya senshusei ikafunguliwa kwa wageni kutoka nchi nyingine. Ndipo raia wa Uingereza, Kanada au Australia akawa anaweza kuchubuka magoti kando ya askari wa Tokyo, kwa ada yake mwenyewe! Mwingereza mmoja, Robert Twigger, aliimaliza, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1997 na kupata tuzo. Yeye alikuwa mshairi. Askari walikuwa wamelipiwa na kazi yao; yeye hakuna aliyemlazimisha, na mara nyingi, kwa maelezo yake, alijiuliza alikuwa anafanya nini pale.

Gozo Shioda alifariki tarehe 17 Julai 1994. Mpaka uzeeni aliendelea kupanda jukwaani kwenye maonyesho, kibabu cha kilo zisizofika 50, akigusa tu mtu kwa kidole au kumkanyaga unyayo kwa ujanja, na mtu anaanguka huku ukumbi ukicheka. Baada yake uongozi ulipita mikononi mwa wanafunzi wake na mwanawe Yasuhisa, na baadhi yao walitengana na kufungua shule zao, kama inavyotokea mwenye nyumba akiondoka. Yasuhisa ana yake, Inoue alianzisha yake. Lakini mazoezi sita ya msingi yanaitwa kwa hesabu ileile kwenye shule zote hizo.

Sasa neno langu kwenu. Lile jaribio la gumba mnaweza kulifanya, taratibu na kwa kupeana zamu. Mengine yote, ya kukunja kifundo na kubana kiwiko, msiyajaribu kwa wadogo zenu wala kwenye korido za shule. Kifundo cha mtoto huvunjika upesi, na mkeka wa chumbani hauzuii kichwa kugonga sakafu. Ukiona yamekukaa moyoni, mwombe mzazi akutafutie mwalimu wa kweli wa aikido, au wa judo kama ndiyo iliyopo karibu. Siku ya kwanza nenda ukamtazame anavyowatendea wanafunzi wake wadogo kabisa. Akianza kwa kuwafundisha kuanguka, jiandikishe.